Kuizeesha Majengo: Mtaa wa Mabibi Zetu Juu ya Meza

Mtu wa Mombasa akifika Nairobi na kushika njia ya mashariki ya jiji, masikio yake hayaoni ugeni. Husikia utingo wa matatu akiita Majengo, Kaloleni, Pangani, na yamkini akadhani gari limemrudisha kwao. Majengo ni mtaa wa Mombasa; Kaloleni iko Kilifi; Pangani ni mji mkongwe wa pwani ya Tanga. Kariokor nayo ni ndugu wa tumbo moja na Kariakoo ya Dar es Salaam, kwani yote mawili ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, vita ambavyo makumi ya maelfu ya wapagazi hao walivifia kwa njaa na maradhi. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, watu wa Pwani walipanda nayo, wakiwa mafundi, wapishi, askari na wachuuzi, na lugha yao na dini yao zikapanda pamoja nao.

Twayasema haya kwa sababu baadhi yetu sisi akina mama tukaao Umoja na Buruburu tumetumia likizo ya Agosti, pamoja na mabinti zetu, kuutengeneza mtaa mmoja wa Majengo ya Pumwani kama ulivyokuwa miaka ya 1930, ukubwa wake ukiwa ni wa meza ya kulia chakula. Wenye sanaa hii huiita dayorama, neno lililoenea kutoka Paris, ambako Louis Daguerre alifungua jumba lake la maonyesho kwa jina hilo mwaka 1822. Jambo lenyewe ni la kale zaidi ya neno. Katika kaburi la Meketre, mkubwa mmoja wa Misri ya miaka elfu nne iliyopita, wachimbaji walikuta mwaka 1920 ghala la nafaka, karakana ya wafumaji na mashua, vyote vidogo, vyote vya mti uliopakwa rangi. Na kwetu hatuhitaji kwenda Misri: mafundi wa Lamu hutengeneza majahazi madogo yenye tanga na kamba kamili, na vijana wa Eastlands hukata maboksi wakayageuza matatu zenye taa na michoro, hata mtu akaona haya kuziita vitu vya kuchezea.

Mbona Majengo? Kwa sababu nyumba zenyewe zinakwisha. Mtaa wa Pumwani ulipimwa na baraza la mji mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika waliotawanyika katika vijiji vya kandokando ya mji wakusanywe mahali pamoja. Serikali ilitoa viwanja. Nyumba walijijengea wenyewe, na walijenga walichokijua, yaani nyumba ya Kiswahili: mlango wa mbele katikati, ukumbi mrefu unaopenya hadi nyuma, vyumba kushoto na kulia, uwani na jiko kwa nyuma, na baraza mbele kwa wageni na majirani. Kijiji cha Pangani kilichokuwa kando kilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na watu wake wakapewa makazi Shauri Moyo, katika nyumba za manispaa. Aliyelala akiwa mwenye nyumba aliamka mpangaji. Jina lenyewe la Shauri Moyo lasema yote: shauri na moyo wako, kwani hapana mwengine wa kushauriana naye.

Wenye nyumba hao, katika Pangani na katika Pumwani pia, sehemu kubwa walikuwa wanawake. Hili si sifa tunayojipa. Watafiti wameliandika, mmoja wao Janet Bujra katika makala yake ya mwaka 1975 kuhusu wanawake wafanyabiashara wa Nairobi ya mwanzo. Walitoka makabila mengi, wengi wakasilimu mjini, wakapata katika Uislamu jina, udugu na mahali pa kuzikwa. Mtaji wao wengine waliupata kwa kupika na kuuza, wengine kwa njia ambazo wajukuu hawapendi kuzitaja mbele ya watoto, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye ya nyoyo. Lakini kiwanja walikilipia, udongo waliukandika, wapangaji waliwalaza, mayatima waliwalea. Leo ghorofa zinapanda katika mitaa ya kale ya Eastlands mwaka baada ya mwaka, na bibi akifa huondoka na ramani ya mtaa kichwani mwake. Picha za nyumba hizi ni chache. Zile zinazopatikana, mara nyingi zilipigwa na wageni waliosimama mbali, na uwani, mahali ambapo wanawake waliishi maisha yao, hauonekani kabisa.

Basi tukaona tuwaulize mabibi waliosalia, na jibu la kila swali tulitie rangi.

Kipimo tulichochagua ni cha moja kwa ishirini na tano, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi hata kwa mtoto wa darasa la nne: mita moja huwa sentimita 4. Mlango wa mita 2 ni sentimita 8, chumba cha mita 3 ni sentimita 12, baraza ya nusu mita ni sentimita 2, na kiatu cha mtu mzima ni sentimita moja. Kuta ni maboksi ya kadibodi, boriti na milango ni vijiti vya aiskrimu, na fito za paa ni vijiti vya kuchokolea meno. Ujenzi huo hatutaueleza kwa kirefu; atakayekata mlango wa sentimita 8 sawasawa atakata na mengine. Kazi iliyobaki, ambayo ndiyo ngumu na ndiyo tamu, ni rangi na uzee.

Nyumba ndogo iliyopakwa rangi safi na kuachwa hivyo ni sanduku tu. Macho huitazama mara moja yakapita. Kinachoyashika macho ni alama za matumizi: pale mkono ulipoushika mlango, pale mgongo ulipouegemea ukuta, pale maji ya paa yalipodondoka miaka kumi mahali pamoja. Mafundi wa sanaa hii huita hatua hiyo kuzeesha, na wengi huianza kwa papara, wakipaka kutu na matope kila mahali hadi nyumba ikafanana na iliyotoka mtoni. Uzee wa kweli una sababu. Kabla ya kuchovya brashi, mtu ajiulize: doa hili limeletwa na nini, maji, jua, moshi au mtu? Asipopata jibu, doa asilitie.

Tuanze na paa, kwani ndilo lililotufundisha zaidi. Pwani nyumba za namna hii ziliezekwa makuti. Nairobi makuti yatoke wapi? Watu wa Majengo walitumia madebe ya mafuta ya taa, yale ya karibu lita 18, wakayapasua, wakayanyoosha kwa nyundo na kuyapigilia kama magamba ya samaki. Debe moja likipasuliwa na kunyooshwa hutoa bati la yapata sentimita 94 kwa 35. Katika kipimo chetu hilo ni kipande kisichotimia sentimita 4 kwa urefu na chenye sentimita 1.4 kwa upana. Tuliyakata mamia kutoka karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti za majani chai, tukayagandisha kwenye kadibodi nyembamba, kisha tukayapanga kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikiilalia ya chini yake, maana paa linalopangwa kinyume huvuja hata likiwa la mfano. Ingawa umri umebadilika, kazi hiyo ya kunyoosha chuma bado yasikika hapo hapo jirani: mafundi wa Kamukunji wagonga masanduku, majiko na makarai kutwa nzima, na mabinti zetu walikwenda kutazama jinsi bati linavyokunjika ndipo wakajua kukunja lao.

Debe ni chuma kilichopakwa bati jembamba, na kutu haikiingii mahali popote ovyo. Huanza pale ngozi ilipojeruhiwa: kwenye tundu la msumari, kwenye mkunjo wa kona ya zamani ya debe, kwenye ukingo uliokatwa. Kutoka hapo hushuka na maji. Kwa hiyo hatukulipaka paa zima rangi ya kutu. Tulianza kwa kijivu hafifu kilichopunguza mng'aro wa fedha, kwani kitu cha kale hakimeremeti. Kisha kwa brashi nyembamba tukatia nukta za hudhurungi iliyokoza kila penye msumari. Kisha, kabla nukta haijakauka, tukaivuta chini kwa brashi yenye maji, ikaacha mchirizi. Baadhi ya vipande tuliviacha karibu vipya, kwa kuwa paa la madebe hutiwa kiraka kila mwaka na halizeeki kwa siku moja. Bibi mmoja, aliyezaliwa katika nyumba hizo, alilitazama paa letu la kwanza akasema, "Hili la tajiri. Letu lilikuwa na mawe juu, lisipeperuke." Tukatia mawe.

Kutu ya kweli yapatikana bure. Twaa brashi ya meno iliyozeeka, ukwangue unga mwekundu juu ya bati lililotupwa, nje penye hewa, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa, kisha uuchekeche kwa kitambaa cha mtandio. Unga huo ukipakwa kwa kidole kwenye gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, hapana rangi ya dukani itakayoushinda. Lakini twawaonya akina mama: msikwangue rangi ya zamani ya ukutani au ya vyuma vilivyopakwa, kwani rangi za miaka ya nyuma nyingi zina risasi, nayo ni sumu kwa watoto hata ikiwa kidogo.

Mbao nazo zahitaji mvi. Kijiti cha aiskrimu ni cheupe kama kilivyotoka kiwandani, na mlango wa Majengo haukuwa hivyo. Chovya nyuzi za chuma za kusugulia sufuria ndani ya siki usiku kucha, chombo kikiwa wazi au kimefunikwa kwa kitambaa tu, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa na chombo kilichokazwa mfuniko chaweza kupasuka. Asubuhi chuja. Pakaza kijiti chai ya rangi, nzito, isiyo na sukari, ukiache kikauke, kisha upitishe ile siki ya chuma juu yake. Mbele ya macho yako kitageuka kijivu na halafu karibu cheusi, kana kwamba kimepigwa na mvua za miaka ishirini. Ni ukali wa majani chai unaokutana na chuma. Asiyepaka chai kwanza atangojea sana. Baada ya hapo, mahali pa komeo, mahali ambapo vidole hushika, tulipasugua kwa tone moja la mafuta ya nazi. Mlango wote umefifia, ila hapo panang'aa kidogo kwa kiza. Hiyo ndiyo nuru pekee tuliyoiruhusu katika mtaa mzima.

Hina tuliijaribu pia kwenye mikeka na vitambaa vya dirisha, ikatoa rangi nzuri ya majani makavu. Bizari haifai, inapendeza wiki moja kisha jua huila ikatoweka.

Sasa kuta, na hapa mtu wa Pwani hana budi kuyasahau macho yake. Kwetu ukuta huzeeka kwa chumvi na unyevu: ukungu mweusi hushuka kutoka juu, chokaa hubambuka kwa mapande, chuma huliwa kwa mwaka mmoja. Nairobi iko yapata mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni kavu zaidi, usiku ni wa baridi, hakuna chumvi upeponi. Huko ukuta huzeeka kutoka chini. Mvua ya masika ikipiga ardhi hurusha tope, na tope hilo huacha mkanda wa kiza kwenye nguzo na kuta, kimo cha goti hivi, ambao katika kipimo chetu ni sentimita 2. Juu ya mkanda huo ukuta ni mweupe zaidi, na chini kabisa ya upenu, mahali mvua isipofika, pana ukanda safi uliobaki kama ulivyopakwa. Ukitia mikanda hiyo mitatu tu, nyumba inasimama ardhini, ukiisahau, inaelea.

Na tope hilo lina rangi yake. Wengi hufikiri udongo wa Nairobi ni mwekundu, kwa kuwa ndio wa upande wa magharibi, kulikojengwa nyumba za wakubwa. Eastlands kwa sehemu kubwa ni udongo mweusi, ule unaonata viatuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Waliopanga mji walijua ni upande gani una udongo mzuri na ni nani watakaoupewa. Tulichota udongo wenyewe Umoja, nyuma ya nyumba, tukaukausha, tukautwanga kwa kinu na kuuchekecha. Ukichanganywa na gundi kidogo na kupakwa mwembamba juu ya kadibodi, hujipasua wenyewe wakati wa kukauka, na nyufa zake ni ndogo mno hata zalingana na ukuta wa sentimita 12. Hiyo ndiyo lipu ya nyumba ya kukandika, na hatukuichora, ilijichora.

Juu ya udongo huo tulipaka chokaa, na ili ibambuke kama ilivyobambuka ya kweli tulitumia chumvi ya mawe, ile ya Gongoni inayouzwa kwa vifuko. Lowanisha ukuta, nyunyiza punje chache pale unapotaka lipu ionekane, subiri zishike, kisha paka chokaa au rangi nyeupe ya maji juu ya vyote. Ikikauka, pangusa kwa brashi ngumu. Punje huanguka na kuacha vidonda vyenye kingo zisizo sawa, udongo ukichungulia chini yake. Zinyunyizwe kwenye kona, chini ya dirisha, na karibu na mlango panapogongwa na mizigo, wala zisitawanywe kama mtu atiaye chumvi kwenye samaki.

Weupe wenyewe usiwe mweupe mtupu. Kitu kidogo hula mwanga. Rangi ile ile iliyo sawa kwenye ukuta wa kweli huonekana nzito na kali ikiwekwa juu ya ukuta wa kadibodi. Kwa hiyo kila rangi tuliipunguza kwa tone la kijivu au la maziwa, hata buluu ya madirisha. Na kwa kuwa Nairobi i karibu mno na ikweta, jua la mchana hupita karibu na utosi mwaka mzima: yaliyopauka zaidi ni mapaa, uso wa juu wa baraza na kingo za madirisha, ilhali chini ya upenu rangi hudumu. Kupausha huko hufanywa kwa brashi kavu. Ichovye katika rangi hafifu, ifute kwenye kitambaa mpaka uone haina kitu, kisha uipitishe juu ya kingo. Itaacha rangi pale tu palipoinuka.

Moshi ni wa uwani. Tulilipa jiko masizi ya kweli, yaliyokwanguliwa chini ya sufuria, yakapakwa kwa kidole juu ya mlango wa nyuma na kwenye fito za upenu wa ndani. Mbele ya nyumba moshi usiwepo, isipokuwa nyumba moja ambayo mwenyewe alipika barazani akiuzia wapita njia. Ndivyo tulivyoambiwa, na kwa doa lile moja la masizi mbele ya nyumba, mtu huitambua biashara ya bibi huyo pasipo kuandika neno.

Hapo tunafika kwenye swali ambalo wasomaji wetu watakuwa wameshaliuliza: je, mtaa hauna watu? Hauna. Wanazuoni wametofautiana juu ya sanamu za viumbe wenye roho, na wanaoruhusu vitu vya kuchezea watoto huitegemea riwaya mashuhuri ya Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, na wanasesere wake. Lakini kazi hii huwekwa sebuleni ikatazamwa, si ya kuchezewa tu, nasi tuliona usalama ni kujiepusha. Hatukuona hasara. Mafundi wengine hujaza vijitu vya plastiki, navyo, kwa macho yetu, huuua mtaa: kila kijitu kimeganda mguu mmoja hewani, na mtazamaji hukitazama kijitu akaiacha nyumba. Sisi tuliwaweka watu kwa athari zao. Jozi tano za makubadhi mlangoni, moja ikiwa imegeuka. Buibui jeusi kwenye kamba ya uwani, lililokatwa kutoka ukingo wa buibui la kweli lililochakaa. Birika la udhu kando ya ngazi. Ungo wa mchele ulioachwa juu ya baraza, na mchele wenyewe ni punje za ufuta zilizokatwa. Katikati ya baraza pale pale, udongo umelainika na kuzama kidogo, kwa kuwa tuliusugua kwa kijiko mpaka ukawa kama ngozi: hapo ndipo alipokaa mwenye nyumba kila alasiri, miaka nenda miaka rudi, akipokea kodi na salamu.

Njia ya mtaa ilitupa kazi ya siku tatu. Watu hudhani ardhi ni kumwaga mchanga. Mchanga wa kawaida katika kipimo hiki ni mawe makubwa kama mayai. Unatakiwa uchekechwe mara mbili, na mahali pa mapito utumike unga tupu. Katikati ya njia ardhi ni ngumu na nyeupe kwa kukanyagwa, kandoni ni nyeusi na imelegea. Kati ya nyumba na nyumba pana uchochoro, na uchochoro hupita pale ambapo wanawake hupita, uwani kwa uwani, si pale mpimaji alipochora mstari. Ramani ya manispaa haina vichochoro hivyo. Mabibi wawili waliokaa mtaa mmoja walibishana mbele yetu nusu saa kuhusu kimoja, kilipita kushoto mwa bomba au kulia, na mwisho walikubaliana kuwa kilipita kushoto kabla ya harusi fulani, na kulia baada yake, kwa sababu wenye nyumba ile walinuniana. Tulichora cha kulia, kilichokanyagwa sana, na cha kushoto tukakiotesha majani membamba ya nyuzi za katani. Ni sentimita chache za udongo, lakini wajukuu wa pande zote mbili wamekwisha kuja kukitazama, na mmoja wao alicheka peke yake bila kutueleza kisa.

Rangi zikikauka, vumbi hutiwa mwisho. Chaki za shule, nyeupe, manjano na hudhurungi, zisagwe kwa kisu, zichanganywe na majivu kidogo, zipakwe kwa brashi laini juu ya vyote vilivyo chini, na hafifu sana juu ya vilivyo juu. Vumbi ndilo linaloziunganisha nyumba zilizopakwa na mikono mbalimbali zikawa mtaa mmoja. Kwetu walipaka watoto wanane na mama zao, na kabla ya vumbi ungeweza kumtaja kila mmoja kwa ukuta wake. Kulishikisha, changanya kijiko kimoja cha gundi nyeupe na vijiko vitano vya maji, uweke katika chupa ya kunyunyizia, na unyunyize kwa mbali, mvua ya rasharasha. Ukikaribia mno vumbi hugeuka matope, na mtaa wako utakuwa wa masika ulipotaka wa kaskazi.

Gharama si kubwa. Tulinunua gundi, brashi tatu za namba tofauti, na vikopo vinne vya rangi ya maji: nyeupe, nyeusi, hudhurungi na buluu. Mengine yote yalitoka jikoni na jalalani. Atakaye kuona picha za Nairobi ya zamani kabla ya kuanza na azuru Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, barabara ya Moi katikati ya jiji, na Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa mwaka 1971. Lakini asitangulize picha. Picha hukupa ukuta wa mbele na siku moja tu. Atangulie kwa bibi, achukue daftari, na aulize maswali madogo: maji yalimwagwa wapi, mlango ulifunguka ndani au nje, kuku walilala upande gani, nani alikuwa wa kwanza kutia bati jipya na majirani walisema nini. Maswali makubwa kuhusu maisha ya zamani mabibi huyajibu kwa sentensi moja na dua. Ukiuliza mlango ulifunguka upande gani, husimama wakauonyesha kwa mkono.

Mtaa wetu una nyumba tisa. Sasa umekaa juu ya kabati, chini ya shuka la kuzuia vumbi la kweli, na hushushwa wageni wakija. Chini ya kila nyumba, kwenye kadibodi, mabinti wameandika kwa penseli jina la mwanamke au mwanamume aliyeijenga, kijiji alichotoka, na vyumba vyake vilikuwa vingapi. Saba zimejazwa. Mbili bado ni tupu, na kwa moja kati ya hizo twajua tu kwamba mwenyewe alitoka Pangani nyumba yake ilipovunjwa, na kwamba alikuwa na mlango wa kijani. Bibi aliyetutia mawe juu ya paa ameahidi kumuuliza wifi yake aliyeko Shauri Moyo, akipata nafuu ya miguu.